Sala Zisizokuwa Zangu

Binti yangu aliponiletea watoto wake wawili, mmoja wa miaka mitano na mwingine hajatimiza minne, hakuketi kabla ya kunipa sharti lake. Alisimama mlangoni na begi begani, watoto wamemshika sketi kila upande.

"Baba," akasema, "najua huwezi kukaa na mtoto bila kumfundisha sala. Wafundishe. Lakini nikisikia umewafanyia toba ya jioni, nakuja kuwachukua siku hiyo hiyo, hata kama itabidi walale chini ya meza jikoni kazini kwangu."

"Nimesikia," nikamjibu.

"Kusikia ndiyo kazi unayoijua zaidi," akasema, ndipo akaketi.

Yeye ni mpishi katika hoteli moja upande wa Watamu, na amepanga chumba Dabaso. Jirani aliyekuwa akimwangalizia watoto alihama, na zamu za jikoni hazimngoji mtu. Mimi naishi Ganze, kwenye shamba la baba yangu, peke yangu tangu mke wangu afariki. Shule ya chekechea ipo mwendo wa robo saa kutoka kwangu. Hakuwa na pengine pa kuwapeleka, nami nilijua hivyo, na yeye alijua kwamba najua. Ndiyo maana sharti lake lilinichoma. Mtu anayekuletea watoto wake kwa sababu hana njia nyingine, kisha akakuonya mlangoni, anakuambia amekuwa akikuogopa miaka mingapi.

Sina budi kueleza hiyo toba ya jioni ilikuwa kitu gani, maana niliibuni mwenyewe.

Nilipomaliza kidato cha nne nilikwenda Marereni, nikaajiriwa kwenye mashamba ya chumvi. Baada ya miaka michache nikafanywa nyapara wa wakwanguaji. Nyapara hujifunza kusikiliza kwa mgongo. Unasimama ukiwapa watu kisogo, unatazama mbali kama asiyejali, na kwa mlio wa majembe unajua nani anakwangua na nani anapumzika. Nilikuwa hodari wa kazi hiyo. Kosa langu ni kwamba niliibeba nikaja nayo nyumbani.

Nilikuwa pia mzee wa kanisa. Nilisadiki, na sikuwa mnafiki katika hilo, kwamba mtoto akizoea kutubu tangu mdogo atakuwa mtu mwema. Basi kila jioni kabla ya chakula watoto wangu wanne walipiga magoti mbele yangu, mmoja baada ya mwingine, wakamwambia Mungu kwa sauti makosa yao ya siku ile. Tukisema "Amina", nilinyanyuka nikachukua ufito wa mkwaju uliokuwa juu ya mlango, nikawachapa kwa yale waliyoyasema. Sikuona kasoro yoyote. Aliyeungama ameungama, na kosa lina adhabu yake. Majirani waliwasifu watoto wangu kwa adabu, nami nilizipokea sifa zile bila haya.

Mke wangu aliniambia mara moja tu, akiwa anapepeta mchele, bila kuniangalia. "Mwenzangu, hawa watoto hawaongei na Mungu. Wanatoa ripoti kwako, Mungu akiwa shahidi." Nikamwambia asiwaharibu watoto kwa huruma.

Binti yangu huyu alikuwa na miaka mitano siku alipomwambia Mungu kwamba alikunywa maziwa tuliyomwekea mdogo wake aliyekuwa mgonjwa. Aliyasema yote, hata kikombe alichotumia, hata jinsi alivyofuta mdomo. Nadhani aliyasema kwa sababu yalikuwa yanamlemea. Nilimchapa mpaka mama yake akaingia katikati. Tangu jioni ile mpaka alipoondoka nyumbani, sala yake ilikuwa moja: "Mungu, leo sikufanya kitu. Amina." Nilimchapa pia kwa sala hiyo, mara kadhaa, kisha nikachoka.

Alipokuwa mtu mzima, siku tulipomzika mama yake, nilimwomba aongoze maombi pale nyumbani. Alinivuta pembeni akaniambia kwa sauti ya chini, "Baba, mimi siwezi. Nikifumba macho nakusikia wewe ukivuta pumzi."

Ndivyo nilivyokuwa. Basi watoto wake walipolala usingizi wao wa mchana wa kwanza kwangu, niliketi kwenye kigoda nikaazimia mambo mawili. La kwanza, nitawafundisha watoto hawa kusali, maana sikuwa na kitu kingine cha thamani cha kuwapa. La pili, sitasikiliza.

Hili la pili nililitoa kwa bibi yangu. Bibi alikufa bila kubatizwa. Alikuwa akizungumza na koma, yaani wazee waliotangulia, amechuchumaa kwenye kizingiti na kata ya maji mkononi. Hakufumba macho wala kubadilisha sauti. Aliwalalamikia mvua, akawatania, akawauliza mbona wamesahau nyumba yao. Sisi watoto tulipomwona pale tulizunguka nyuma ya nyumba. Hakuna aliyetukataza, ila tulijua si mazungumzo yetu. Nilipookoka nilimwonea haya bibi huyo. Dini yake siifuati hata leo. Lakini alijua jambo ambalo mimi na elimu yangu tulilikosa, kwamba mtu akizungumza na asiyeonekana, aliye karibu husogea kando.

Kwetu, kama inavyojulikana, babu na wajukuu hutaniana, na mjukuu wa kike ni mke. Utani huo ulinisaidia. Nisingeweza kuwakalia kama nyapara huku wananiita mume wao.

"Wake zangu, amkeni, jua limetoka."

"Mume gani huyu hana meno," mkubwa alijibu kutoka ndani ya shuka.

"Mimi sitaki mume, nataka uji," mdogo akasema.

Tulisali asubuhi, baada ya uji na kabla ya shule. Jioni niliikwepa. Tulianza kwa kushukuru pamoja, kwa sauti, kila mmoja kitu kimoja alichokiona kwa macho yake. Mdogo alishukuru kwa mbuzi kwa siku tisa mfululizo, na siku ya kumi akashukuru kwa mavi ya mbuzi. Dada yake alinitazama aone nitafanya nini. Nikasema, "Amina. Bila hayo mahindi hayaoti." Wakacheka mpaka wakalala chini, na mimi nikagundua kwamba katika miaka yote ya toba sikuwahi kusikia mtoto akicheka mbele ya Mungu.

Baada ya shukrani ilikuja zamu ya siri. Kila mtoto alikunja viganja vyake viwili kama mtu anayekinga maji, akaweka mdomo ndani, akamwambia Mungu lolote alilotaka. Mimi nilitoka nje, nikaenda kusimama kwenye banda la mbuzi mpaka waniite.

"Kwa nini unatoka?" mkubwa aliniuliza siku ya kwanza.

"Kwa sababu hamsemi na mimi."

"Tukisema mabaya yako je?"

"Semeni. Yapo mengi."

"Na Mungu hatakwambia?"

"Hataniambia. Mungu si mbeya."

Neno hilo alilipenda. Kwa muda wa wiki nzima aliwaambia kuku na wapita njia kwamba Mungu si mbeya.

Kusikiliza ndiko kulikokuwa kugumu. Nilitaka wajue kwamba sala haiishii kwenye kuomba, kwamba ukishasema unanyamaza kidogo ili na wewe uambiwe. Lakini mtoto wa chini ya miaka minne utamnyamazisha vipi bila kumtisha? Nilijaribu kuhesabu, wakahesabu pamoja nami. Nilijaribu kufumba macho, wakalala. Mwishowe nilikubaliana nao kwamba tutanyamaza tangu ninapobandika sufuria ya chai mpaka maji yaanze kuvuma. Sufuria ndogo, maji kidogo.

"Umesikia nini?" niliwauliza mara ya kwanza.

"Mbuzi," mdogo akasema.

"Na Mungu?"

"Mungu alitaka kusema, mbuzi akamkatiza."

Mkubwa alisema kwamba Mungu amesema leo tusiende shule. Nikamwambia aende, akirudi tumuulize tena. Siku nyingine alikaa kimya hata baada ya maji kuvuma, kisha akasema, "Ameniambia nimrudishie mwenzangu kalamu yake." Alifungua mkoba, akatoa kalamu ya rangi ambayo mimi sikuijua, akaitia mfukoni mwa sare. Sikuuliza aliipataje. Nilimimina chai. Mtoto alikuwa ameisikia sauti niliyojaribu kuipandikiza kwa ufito miaka kumi na mitano, na ilikuwa imemjia chini ya mvumo wa sufuria, bila mimi kutia neno.

Nikaanza kujivuna. Nilimpigia simu mama yao nikamwambia wanaendelea vizuri. Akaniuliza, "Wanaendelea, au unawaendesha?" Nikacheka. Yeye hakucheka.

Kisha ukaja mwezi wa tatu na mvua hazijanyesha. Tangi letu la plastiki lilikuwa na maji ya siku nne nikiyabana sana. Mchana mmoja niliporudi kutoka kupeleka mbuzi malishoni nilikuta bomba la tangi liko wazi, ardhi imelowa mpaka kwenye choo, na watoto wawili wamekaa kivulini mikono imejaa matope yaliyokaukia, wakinitazama.

"Nani amefungua bomba?"

Walitazamana.

"Nimeuliza nani."

"Si mimi," mdogo akasema. Mkubwa alibandua matope kwenye vidole vyake. Sikuinua mkono wala sauti. Nilifunga bomba, nikagonga tangi kwa kidole, likalia tupu tangu juu mpaka chini.

Asubuhi yake tulishukuru, nikatoka kwa zamu ya siri. Ningeweza kuandika kwamba nilisahau kofia nikarudi. Sikusahau kofia. Nilifika hatua ya tano kuelekea bandani, nikageuka, nikaja kusimama chini ya dirisha nikiupa ukuta wa udongo kisogo. Nilitaka kujua nani. Nilijiambia ni kwa ajili ya maji, ili jambo lisirudiwe. Nikasikiliza kwa mgongo, kama zamani.

Sauti ya mkubwa ilitoka viganjani mwake. "Mungu, ni mimi niliyefungua. Nilitaka kupika ugali wa udongo. Nikaona lori la mkaa nikakimbia kulitazama nikasahau. Babu ana huzuni. Mpe maji mengine. Usimwambie."

Niliondoka kwa ncha za vidole. Niliona haya, na haya ile ningeiheshimu kama mambo yangeishia hapo. Nikafunga madumu manne kwenye baiskeli, nikaenda kwenye kioski cha maji. Foleni ilikuwa ndefu, nilirudi alasiri magoti yananiuma. Watoto walikuwa wamesharudi kutoka shule. Mkubwa alinikimbilia.

"Mume wangu, umeleta maji? Nataka kuoga."

Nami, kwa mzaha tu, kwa lugha yetu ile ya utani, nikasema, "Wewe uliyekimbilia lori ukaacha bomba wazi, leo utaoga kwa mate."

Nililisikia neno likitoka na sikuweza kulirudisha. Mtoto alisimama. Mikono yake ilishuka.

"Nani amekwambia?"

Mdogo wake, aliyekuwa akijaribu kupanda dumu, ndiye aliyeuliza, "Ulimwambia nani?"

"Mungu."

"Basi Mungu amemwambia Babu," mdogo akasema, akaendelea kupanda dumu lake.

Sijampiga mtoto huyo hata siku moja. Lakini uso alionionyesha pale nilikuwa nimeshauona, kwa mtoto mwingine wa miaka mitano, na safari hii hapakuwa na ufito wa kuulaumu.

Asubuhi iliyofuata alikunywa uji wake, akashukuru kwa kijiko. Nilipotaka kutoka akasema, "Usitoke. Leo sina siri." Akaketi, viganja viko mapajani, macho wazi. Ikawa hivyo siku ya pili na ya tatu. Mdogo alimtazama dada yake, naye akaacha. Sufuria ilivuma, nikawauliza wamesikia nini, mkubwa akasema, "Sufuria."

Ijumaa mama yao angekuja kwa mapumziko yake. Nilikuwa na siku moja ya kuchagua. Mtoto angeweza kusahau. Mtoto wa umri ule husahau mengi. Ningeweza kununua biskuti. Ningeweza kumweleza kwamba nilibahatisha tu, kwamba niliona alama za miguu kwenye matope, na angeniamini, maana bado alikuwa katika umri wa kuniamini. Lakini hapo ningekuwa nimemwibia mara mbili. Na mama yake, nilijua, angewachukua. Niliwazia nyumba bila wao, na mimi nikinywa uji peke yangu. Pamoja na hayo niliamua nitasema, tena kabla hajaulizwa mtoto.

Alifika alasiri kwa bodaboda, mkononi mkate wa mofa na samaki wa kukaanga. Mtoto mkubwa alimwambia, "Shikamoo, Mama," akabaki amemkumbatia mguu muda mrefu. Nilimngoja binti yangu anywe maji. Hakuyamaliza.

"Kuna nini, Baba?"

"Nilisikiliza sala ya huyu mkubwa. Alimwambia Mungu jambo, nikasimama dirishani nikalisikia, kisha nikamtania nalo. Sasa hasali."

Aliweka kikombe chini. "Ulipita dirishani, au ulisimama?"

"Nilisimama."

"Umempiga?"

"Sijampiga."

"Ufito ulikuwa ziada tu, Baba. Hujawahi kulijua hilo? Kilichotuumiza ni hicho hicho ulichomfanyia huyu."

"Ndiyo nimekijua."

"Leo?"

"Wiki hii."

Alinyanyuka akaanza kuanua nguo za watoto kwenye kamba, moja moja, akizikunja juu ya bega lake. Sikumzuia. Nilikwenda alikokaa mkubwa, karibu na mafiga, nikaketi chini, jambo ambalo magoti yangu hayalipendi.

"Mke wangu," nikamwambia, na mama yake akasikia, "Mungu hakuniambia kitu. Alinyamaza kama ulivyomwomba. Mimi ndiye niliyekuja dirishani nikaiba maneno yako."

Alinifikiria kwanza. "Uliiba kwa sikio?"

"Kwa sikio."

"Mama, Babu atapigwa?"

Mama yake alisimama na nguo begani. "Muulize mwenyewe alikuwa anafanya nini kwa watu wa namna hiyo."

"Nilikuwa nawachapa," nikasema. "Nilimchapa mama yako alipokuwa kama wewe. Alimwambia Mungu kwamba amekunywa maziwa, nikasikia, nikamchapa. Lilikuwa kosa langu. Sijawahi kumwambia hivyo mpaka leo." Nikamgeukia binti yangu. "Nakwambia sasa. Lilikuwa kosa langu, na la jioni zote zilizofuata."

Alizipanga upya nguo begani. Mtoto ndiye aliyekuwa bado na kesi mkononi.

"Bandani ni karibu sana," akasema. "Uende mbali."

"Mbali wapi?"

"Kule kwenye minyaa." Alionyesha ua ulio mwisho wa shamba, hatua kama mia tatu.

"Nikiwa kule nitajuaje mmemaliza?"

"Huyu atakuja kukuita," akasema, akimwonyesha mdogo wake.

"Mimi nitakimbia," mdogo akasema.

Binti yangu aliingia ndani na nguo zile. Sikujua kama amezitia kwenye begi au kitandani, na sikuuliza.

Asubuhi, baada ya uji, tulishukuru wote wanne. Mama yao alishukuru kwa kuamka, kwa sauti ya mtu anayelipa nauli. Kisha nikachukua jembe nikaenda zangu. Sikugeuka. Nilipofika kwenye minyaa nilianza kung'oa visiki vya mahindi ya mwaka jana ili mikono iwe na kazi. Kutoka pale nyumba inaonekana ndogo, na hakuna sauti inayofika ila ya kuku. Niling'oa mstari mmoja, nikaanza wa pili. Zamu ya siri haijawahi kuwa ndefu hivyo. Nikaona labda wameondoka kwa njia ya nyuma.

Mdogo alikuja akikimbia, akihema, kiatu kimoja mkononi.

"Babu, usije."

"Mbona?"

"Mama hajamaliza. Amefanya mikono hivi." Alikunja viganja akaviweka mdomoni. "Dada amemfundisha. Mama anasema..."

"Usiniambie."

"Anasema kwamba..."

"Mke wangu, usiniambie. Shika kisiki hiki, vuta."

Nilitaka kujua. Sitadanganya. Nina miaka zaidi ya sabini na hakuna jambo nililowahi kutaka kulijua kama lile. Nilishika kisiki upande wa pili tukavuta pamoja, kikatoka na udongo wake, akaanguka chali akicheka. Tukavuta kingine, kisha kingine, mpaka jua likatuchoma kisogoni, na nyumbani hakuna aliyetuita.

Binti yangu aliondoka mchana na begi lake lile lile, jepesi. Hakusema amenisamehe. Alisema watoto wanahitaji viatu vipya na kwamba wiki ijayo atachelewa, wasimngoje kula. Tangu siku ile naenda kwenye minyaa kila asubuhi, mvua ikinyesha najifunika gunia, na sirudi mpaka mtoto aje kunichukua.